Kilimo Bila Kulima: Historia ya Bustani Isiyochimbwa, Mboji na Shuruti

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba mizigo miwili. Kulima ni kuchimba na kugeuza ardhi kwa jembe. Kulima pia ni kuishi kwa mazao ya shamba. Mkulima, basi, katika fikra zetu ni mtu aliyeshika jembe, na asiyelishika humwita mvivu au mtu wa mjini. Ndiyo maana wanafunzi hucheka wanapoambiwa kwamba wako watu wanaovuna mboga mwaka baada ya mwaka katika tuta lile lile bila kulichimba hata mara moja. Sentensi yenyewe huwasikikia kama kitendawili: kilimo bila kulima.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Mtunza bustani hufyeka majani yaliyopo, huyaacha pale pale, huyafunika kwa maboksi ya karatasi yaliyoloweshwa maji, kisha humwaga juu yake tabaka la mboji lenye kina cha sentimeta 10 hadi 15, na hupanda humo humo. Magugu yakikosa mwanga hufa. Karatasi huoza. Nyungunyungu hupanda kuifuata mboji na kuishusha ardhini kidogo kidogo, na mashimo yao huwa njia ya maji na hewa. Msimu unaofuata mwenye bustani huongeza mboji tu juu ya tuta. Mboji hiyo huipata nyumbani: maganda ya ndizi na viazi, majani makavu, samadi, majivu kidogo, vyote vikiwa vimerundikwa vikaoza.

Kuna maandishi mengi kuhusu namna ya kufanya haya. Mimi leo nataka kuuliza swali la historia, ambalo naona ni swali la uraia vilevile: nani alitufundisha kwamba ardhi lazima igeuzwe, nani alijua vinginevyo, na kwa nini maarifa mazuri ya kuhifadhi udongo, yalipoingia mikononi mwa tawala za kikoloni katika eneo letu, yaligeuka kuwa kazi ya kuchukiwa?

Tuanze Uingereza ya karne ya 18. Bwana shamba mmoja aitwaye Jethro Tull alichapisha kitabu mwaka 1731, akakipanua mwaka 1733, kuhusu kilimo cha kutumia mashine ya kupandia mbegu kwa mistari na jembe la kupalilia linalokokotwa na farasi. Tull aliamini kwamba mizizi hula chembe ndogo ndogo za udongo wenyewe. Kwa hiyo, kadiri udongo unavyosagwa ukawa laini, ndivyo mmea unavyopata chakula kingi zaidi. Alikosea kabisa kuhusu chakula cha mmea. Hata hivyo mashamba yake yalistawi, kwa kuwa kupalilia kwa bidii kuliua magugu yaliyokuwa yakinyang'anyana na ngano. Hapa pana funzo dogo kwa walimu wa mantiki: matokeo yalikuwa mazuri, sababu iliyotolewa ilikuwa ya uongo, na sababu hiyo ya uongo ikaishi muda mrefu kwa kujificha nyuma ya matokeo.

Mwaka 1881 Charles Darwin, ambaye wengi humjua kwa mambo mengine, alichapisha kitabu chake cha mwisho, nacho kilihusu nyungunyungu. Alikuwa amewachunguza kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba viumbe hao hupitisha udongo matumboni mwao na kuutoa juu, na kwamba kwa njia hiyo ardhi ilikuwa ikigeuzwa tangu zamani, kabla binadamu hajabuni jembe. Watu walikisoma kitabu hicho kwa hamu, kisha wakarudi kwenye plau zao.

Plau ndiyo iliyofika mbali zaidi, hadi nyanda kavu za kati za Marekani, ambako nyasi za asili ziligeuzwa na trekta katika maeneo makubwa ili kupanda ngano. Ukame wa miaka ya 1930 ulipofika, udongo ule usio na kifuniko uliinuka na upepo. Dhoruba ya vumbi ya tarehe 14 Aprili 1935 iliufanya mchana kuwa usiku, na siku hiyo ikaitwa Jumapili Nyeusi. Kabla mwezi huo haujaisha serikali ya Marekani ilikuwa imepata sheria ya kuhifadhi udongo. Ilikuwa katika hali hiyo ambapo Edward Faulkner wa jimbo la Ohio, aliyewahi kuwa afisa ugani, alichapisha mwaka 1943 kitabu kilichotangaza kwamba hakuna aliyewahi kutoa sababu ya kisayansi ya kulima kwa plau. Wataalamu wengi walimkasirikia. Kitabu kiliuzwa sana.

Ikiwa udongo hautageuzwa, utalishwaje? Jibu la swali hili lilikuwa tayari limeandikwa, na lilitoka Asia. Mtaalamu wa udongo wa Marekani, Franklin King, alisafiri China, Korea na Japani, akaeleza jinsi wakulima wa huko walivyorudisha shambani kila kitu kinachooza, pamoja na kinyesi cha binadamu na tope la mifereji. Alifariki kabla ya kazi yake kuchapwa, na mjane wake akaitoa mwaka 1911. Miongoni mwa waliokisoma kitabu hicho alikuwa Mwingereza Albert Howard, aliyepelekwa India mwaka 1905 kuwafundisha Wahindi kilimo bora. Howard alitazama mashamba ya wanakijiji waliozunguka kituo chake, akaona mazao yenye afya ambayo hayakuguswa na dawa yoyote ya dukani. Akafanya uamuzi usio wa kawaida kwa afisa wa dola: akawahesabu wakulima hao, pamoja na wadudu waharibifu, kuwa ndio maprofesa wake.

Kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, katika mji wa Indore, Howard pamoja na mkewe Gabrielle, ambaye naye alikuwa mwanasayansi wa mimea na aliyefariki mwaka 1930, waliutengeneza utaratibu wa kuozesha ulioitwa kwa jina la mji huo. Mabaki ya mazao yalitandikwa kwanza zizini yakanyagwe na ng'ombe na kulowa mkojo. Kisha yalirundikwa kwa tabaka pamoja na samadi, udongo wa zizini na majivu, katika mashimo wakati wa kiangazi na juu ya ardhi wakati wa mvua. Rundo lilimwagiwa maji na kugeuzwa mara kadhaa, na baada ya miezi mitatu hivi lilikuwa mboji nyeusi isiyo na harufu mbaya.

Utaratibu huo ulivuka bahari upesi kuliko tunavyodhani. Howard mwenyewe ameandika kwamba kituo cha kwanza barani Afrika kuutumia kilikuwa shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu nchini Kenya, mwaka 1933. Mwenye shamba ametajwa kwa jina na cheo chake cha kijeshi. Waliokata majani, waliobeba samadi na waliogeuza marundo yale chini ya jua hawakutajwa. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa mboji ni kazi ya mikono kabla ya kuwa nadharia, na historia yake isipowataja wenye mikono huwa nusu.

Waliounganisha mawazo haya mawili, yaani kutochimba na kulisha ardhi kwa mboji kutoka juu, walikuwa watunza bustani zaidi kuliko maprofesa. F. C. King, mkuu wa bustani ya Levens Hall kaskazini mwa Uingereza, aliuliza katika kitabu cha mwaka 1946 kama kuchimba ni lazima. Nchini Marekani, Ruth Stout alianza kufunika bustani yake yote kwa nyasi kavu, akaandika kitabu cha kwanza kuhusu jambo hilo mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 70 na ushei. Hoja yake kubwa ilikuwa mgongo wake. Nchini Japani, Masanobu Fukuoka alipanda mpunga na shayiri bila kutifua ardhi, na kitabu chake cha mwaka 1975 kikasomwa dunia nzima. Leo jina linalotajwa mara nyingi ni la Charles Dowding wa Uingereza, ambaye tangu miaka ya 1980 amelima mboga za kuuza kwa njia hii, na ambaye huweka matuta mawili sambamba, moja linachimbwa na jingine halichimbwi, apate kupima mavuno ya kila moja.

Msomaji wa eneo la Maziwa Makuu akifika hapa ana haki ya kutabasamu. Orodha hii ya wavumbuzi inapita London, Indore na Ohio bila kugusa mgomba.

Tazama migomba ya Kagera, ya Buganda, ya Burundi au ya hapa Rwanda. Mgomba una mizizi mingi iliyo karibu na uso wa ardhi, na mwenye kuuchimbia kwa nguvu huukata. Kwa hiyo wahenga wetu walipalilia juu juu. Majani makavu yaliyopogolewa yalilazwa chini pale pale, shina lililovunwa lilipasuliwa likatandazwa, maganda na majivu ya jikoni yalimwagwa kwenye migomba iliyo karibu na nyumba, na samadi ya ng'ombe ikaongezwa. Wahaya wa Kagera walikuwa na mpango ulio wazi kabisa: kibanja ni shamba la migomba linalozunguka nyumba, na rweya ni mbuga ya nyasi iliyo nje yake. Nyasi zilikatwa rweya zikaletwa kibanjani, zikatandikwa nyumbani na kutandazwa migombani, na ng'ombe walikula rweya wakaja kuacha samadi kibanjani. Kibanja kilinenepa kwa vizazi vingi huku rweya ikibaki na udongo maskini. Mwenye kutaka kuuona ukweli huo hahitaji maabara. Achimbue konzi moja huku na konzi moja kule, alinganishe rangi.

Nimetaja rweya kwa makusudi. Matandazo hayashuki kutoka mbinguni. Kila fungu la nyasi linalotandazwa mahali fulani limeondolewa mahali pengine, na mtu fulani amelibeba kichwani. Tukilisahau hilo hatutaelewa yaliyofuata.

Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliendesha kampeni ya kueneza kahawa katika Ruanda-Urundi. Kahawa haikupandwa kwa hiari tu. Wakuu wa wilaya na machifu waliwajibika kuhakikisha kwamba kila mwananchi ana miti yake, na miti hiyo ilipaswa kutandazwa nyasi. Kitaalamu agizo hilo lilikuwa sahihi: mkahawa uliofunikwa chini hustahimili kiangazi na hupunguza magugu, na mteremko uliofunikwa haukokolewi na mvua. Lakini nyasi na majani yale yalikuwa na mwenyewe. Kilichotandazwa chini ya mkahawa ni kile kile ambacho kingetandazwa chini ya mgomba unaolisha watoto, na aliyetandaza alifanya hivyo chini ya tishio la faini au kiboko. Katika historia inayofundishwa shuleni kwetu, pamoja na maneno uburetwa na akazi, wanafunzi hukutana na neno shiku, yaani kulima kwa shuruti. Mzee aliyeishi enzi hizo ukimwambia habari za uhifadhi wa udongo husikia jambo tofauti na analolisikia kijana wa leo.

Nchini Kenya hali ilifanana. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wilaya ya Murang'a, iliyoitwa Fort Hall wakati huo, iliwekwa chini ya kampeni kubwa ya kuchimba makinga maji kwenye miteremko. Kazi ilifanywa kwa pamoja asubuhi za siku zilizopangwa, na wengi wa wachimbaji walikuwa wanawake, kwani wanaume wengi walikuwa wameondoka kutafuta mshahara. Mwezi Julai 1947 mkutano mkubwa wa siasa uliazimia kwamba wanawake wasichimbe tena, na kazi ikazorota. Mwaka 1948 wanawake wenyewe waliandamana hadi makao ya wilaya kuzikataa amri za kilimo.

Kisa kinachonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni cha milima ya Uluguru, juu ya Morogoro. Mwaka 1950 serikali ya Tanganyika ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi kwa ajili ya kuyaokoa mabonde yaliyokuwa yakipokea udongo kutoka milimani. Nia ilikuwa ya kueleweka. Walichotakiwa kufanya wananchi ni kuchonga miteremko mikali iwe matuta ya ngazi, kipimo maalumu kwa kila kaya, na asiyetimiza alishtakiwa. Waluguru walichimba. Kisha wakaona kile ambacho mtu yeyote asiyechimba sana angeweza kukitabiri: tabaka jeusi la juu lilifukiwa, na udongo mwekundu wa chini, usio na rutuba, ukabaki juu. Mahindi yalidhoofu. Nguvu zote zile zilitumika kupunguza mavuno.

Fikiri, ndugu msomaji, hali ya mama aliyekuwa na njia yake ya kale. Waluguru walikuwa na matuta madogo ya mteremkoni ambamo majani na mabaki ya mazao yalifukiwa kidogo yakaozea humo. Afisa aliyafahamu kama kilimo duni. Mwezi Julai 1955 fujo zilizuka huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na milimani humo kilikuta watu ambao hawakuhitaji hotuba ndefu ili waelewe maana ya kutawaliwa.

Kinachoumiza katika kisa cha Uluguru ni kwamba udongo ulikuwa kweli unapotea. Wananchi hawakuwa wakipinga uhifadhi. Walikuwa wakipinga ufundi mbaya uliolazimishwa na watu wasiokubali kuulizwa. Leo, wanaojenga matuta ya ngazi katika milima ya Rwanda hufundishwa kuuweka kando udongo wa juu, kulisawazisha tuta, kisha kuurudisha udongo ule juu na kuongeza samadi na chokaa. Hatua hiyo moja, ya kuhifadhi tabaka la juu, ndiyo waliyoinyimwa Waluguru, na ndiyo kiini cha bustani isiyochimbwa.

Shuruti si ya wakoloni peke yao, na lugha hukumbuka. Nchini Zimbabwe, ambako kilimo cha vishimo na matandazo kimehimizwa kwa miaka mingi ili kuwasaidia wakulima wadogo wasio na plau, wananchi walikipa jina la utani: dhiga ufe. Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno la pili. La kwanza maana yake ni chimba. Kilimo kilichonadiwa kuwa cha kuachana na plau kiliwafikia watu kama maelfu ya vishimo vya kuchimbwa kwa mkono wakati ardhi ni kavu kama tofali, na matandazo ya kukusanywa huku ng'ombe wa jirani wakiyala usiku. Watetezi wake walijibu kwa jina jingine, dhiga udye, yaani chimba ule. Majina yote mawili yangali hai.

Kwa hiyo, anapokuja mtu kuhimiza kaya ziwe na bustani ya mboga karibu na jikoni, ambayo hapa kwetu huitwa akarima k'igikoni, na akasema isichimbwe bali ilishwe mboji, mwananchi ana haki ya kuuliza maswali ya hesabu kabla ya kuchukua fagio au kushangilia. Tuifanye hesabu hiyo. Tuta la mita 1 kwa mita 5, likifunikwa mboji kwa kina cha sentimeta 10, linahitaji nusu mita ya ujazo, yaani lita 500. Hizo ni ndoo 25 za lita 20. Mabaki mabichi hunywea yakioza, hata yakabaki nusu au chini ya hapo, kwa hiyo kaya inahitaji kukusanya ndoo 50 au zaidi za maganda, majani na samadi. Nani atazibeba? Kaya isiyo na ng'ombe itapata wapi samadi? Kama majani yatatoka kwenye migomba, migomba italala na nini? Mwalimu wa uraia anayeyapuuza maswali haya anafundisha shiku kwa sauti ya upole.

Majibu yapo, lakini ni ya polepole. Anayeanza na tuta la mita moja kwa mita moja anahitaji ndoo 5 tu. Rundo la mboji liwe na ukubwa wa mita moja kila upande, la sivyo halitapata joto la kutosha kuua mbegu za magugu. Lichanganywe vitu vikavu vya kahawia kwa wingi na vibichi vya kijani kwa kiasi, lifunikwe majani ya mgomba mvua isilichuje, na ligeuzwe likianza kupoa. Likinuka, limekosa hewa. Likikaa kimya kwa wiki kadhaa, limekosa maji au samadi. Sangari na magugu mengine yenye mizizi itambaayo hayafi kwa boksi moja. Yafunikwe miezi mingi au yang'olewe kwa mkono. Na ardhi iliyogandamizwa ikawa kama sakafu, kwa mfano ilipokuwa njia ya watu au pa kujengea, inaruhusiwa kuvunjwa kwa sululu mara moja ya kwanza. Hakuna sheria ya dini hapa.

Mwaka wa pili hesabu hubadilika. Dodo, sukuma wiki na vitunguu vimekwisha kuvunwa, mizizi yao imeachwa ardhini ioze, na tuta linahitaji nyongeza ya sentimeta 4 tu. Kwa tuta lile la mita 5 hizo ni lita 200, ndoo 10, kiasi ambacho jiko moja, banda dogo la kuku na ua wenye miti miwili mitatu vinaweza kukitoa kwa mwaka bila kumwibia mgomba wala kumsumbua jirani.